Spana Namba 19

Ukitoka Muyinga mjini ukashika njia ya Giteranyi, ngozi ndiyo inayotambua kwanza kwamba umehama. Ubaridi wa milimani unabaki nyuma pamoja na mikaratusi, na barabara inateremka kuelekea nyanda za Bugesera, kwenye jua kali na vumbi jekundu, laini, la kupenya hadi ndani ya soksi. Migomba inapungua kimo, mtama unaongezeka. Kaskazini kuna ziwa Rweru na mafunjo yake. Mashariki, siku mvua ikiwa imeosha anga, utaviona vilima vya upande wa Tanzania, rangi ya buluu iliyofifia.

Nataka tufike pale alasiri moja ya miaka ya 1980, soko likiwa bado halijatawanyika, tukae kwenye benchi mbele ya duka la Baba. Ndani kuna giza la kupendeza: magunia ya maharage, chumvi, miche ya sabuni, vitenge vilivyokunjwa, na kikapu cha ndagala wakavu kutoka Ziwa Tanganyika ambao harufu yao ilitufuata hadi msikitini. Mama anakaanga maandazi uani. Redio, iliyovikwa kitambaa kuikinga na vumbi, imefunguliwa Radio Tanzania Dar es Salaam, maana mawimbi ya jirani yalitufikia vizuri. Mbele yetu ni barabara, na barabara haina kitu. Tusubiri tu.

Magari yalikuwa machache, kwa hiyo tuliyajua kwa sauti kabla ya kuyaona. Lori la Isuzu lililobeba kahawa msimu wa Mei hadi Julai lilipanda kilima kwa gia ya kwanza, likilia kwa uchungu mpaka ukalionea huruma. Lori la bia la Brarudi lilitangulizwa na makreti ya chupa tupu yakigongana. Land Rover ya komini ilipiga mluzi mwembamba kila ilipobadilisha gia. Na Hilux ya Baba, ya dizeli, au mazutu kama tulivyosema sisi, ilisikika kama kokoto zinazotikiswa ndani ya debe. Mtoto aliyetaja gari kwanza na kupatia alikatiwa nusu ya andazi la mwenzake, na hakuna aliyekataa kulipa, kwa sababu kesho zamu ingekuwa yake.

Kisha siku moja ikaja sauti ambayo hatukuwa na jina lake. Ilikuwa nzito, ya chini, isiyo na papara. Hata Baba alitoka dukani na mizani mkononi. Kilimani ikachomoza kamionete ndefu ya kijani, boneti pana kama meza ya kulia watu kumi, ikashuka polepole kana kwamba mashimo ya barabara yetu hayaihusu. Ilikuwa ya mradi wa misaada uliofika kushughulikia kilimo. Chapa yake haikutushughulisha. Kabla ya magharibi kila mtu pale sentari alikuwa ameshaipa jina, Mmarekani, na tangu hapo tukamzungumzia kama tunavyomzungumzia mtu: Mmarekani amepita, Mmarekani yuko Ruzo, Mmarekani kalala kwa padri.

Dereva wake, kijana mpole wa kutoka Gitega, alituruhusu kuchungulia. Kiti kilikuwa kimoja kirefu, cha kitambaa, kinachonukia upya. Mkono wa gia ulikuwa kwenye usukani, na mguu wa kushoto wa dereva haukuwa na kazi yoyote, maana klachi haikuwepo. Alipowasha kipoza hewa, tulipanga foleni kuweka nyuso zetu kwenye tundu lile, mmoja mmoja, macho tumefumba. Ubaridi wa Gitega, alisema, na tukamwamini. Injini ilikuwa ya silinda nane, ya petroli, na ilikunywa. Nyuma kulikuwa na mapipa ya akiba, na Baba, ambaye alihesabu kila lita, aliyatazama yale mapipa kwa muda mrefu bila kusema.

Sasa vuka barabara pamoja nami, upite kwa mshona viatu, hadi kwenye mwembe wa Fundi. Gereji yake ilikuwa kivuli. Ardhi ilikuwa nyeusi na ngumu kwa oili ya miaka, na ukitembea pekupeku iliteleza na kuwa na joto la kuvutia. Magogo mawili juu ya shimo, gari linapanda, Fundi anaingia chini. Kazi alijifunzia Buyenzi, mtaa wa Waswahili wa Bujumbura wenye barabara za namba, ambako hata leo mtu akikosa kifaa cha gari huulizwa kwanza kama amefika huko. Spana zake zilikaa kwenye kiroba cha katani, na sisi tuliokuwa tukimsaidia tulizijua kwa kupapasa: 10, 12, 14, 17, 19. Kwa hizo tano alifungua karibu kila kitu kilichotoka Japani, kuanzia Hilux hadi Isuzu hadi pikipiki ya katekista. Akinyoosha mkono kutoka shimoni na kusema “kumi na nne, mwanangu,” ulitakiwa kuiweka kiganjani mwake bila yeye kuangalia. Nilijivunia kazi ile kuliko alama zangu za shule.

Chini ya mwembe huo ndipo mjadala ulipozaliwa: Mmarekani na Mjapani, nani wa kuaminika?

Upande wa Marekani alisimama Mzee mmoja tuliyemheshimu sana, aliyekuwa dereva wa lori enzi za Wabelgiji. Alikaa na fimbo katikati ya magoti, kofia nyeupe, na kila hoja yake ilianza na jina Chevrolet. Alisema kwa Chevrolet alishusha kahawa hadi Bujumbura, wakati huo ikiitwa Usumbura, kwa barabara ambazo vijana wa leo wasingezipita kwa miguu. “Chuma kile,” alisema, “kilikuwa chuma.” Nikiwa mtu mzima nilikuja kuelewa kwa nini kumbukumbu zake zilijaa majina ya Kimarekani wakati waliotawala walikuwa Wabelgiji. General Motors ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha magari Antwerp tangu miaka ya 1920, na Ford vilevile, kwa hiyo magari yenye majina ya Marekani yalipakiwa kwenye meli bandari ileile iliyohudumia Kongo na Ruanda-Urundi. Mzee hakuwa akiota.

Upande wa Japani walikaa vijana, na utingo wa Baba akiwa msemaji wao. Hoja yake ilikuwa moja tu, nayo aliirudia kwa furaha: “Nionyeshe Toyota iliyolala Giteranyi kwa kukosa kipande.” Wakacheka, Mzee naye akacheka, kahawa ikaongezwa. Wakati wanabishana hivyo, kampuni zenyewe zilikuwa zimeshaanza kuishi pamoja. General Motors ilinunua zaidi ya theluthi moja ya hisa za Isuzu mwaka 1971, na malori ya Isuzu yaliunganishwa Nairobi chini ya jina la General Motors. Mwaka 1984 Toyota na General Motors zikaanza kuunda magari chini ya paa moja huko Fremont, California. Lakini habari hizo hazikufika chini ya mwembe, na nafurahi hazikufika, maana zingetuharibia alasiri nyingi nzuri.

Mvua za Machi na Aprili mwaka ule zilikuwa nzito. Mmarekani alirudi kutoka Ruzo akivutwa na trekta, boneti wazi, mvuke ukitoka. Pampu ya maji ilikuwa imekwisha. Fundi alikunja mikono, akaomba spana namba 14. Nikampa. Haikuingia kwenye kichwa cha boliti. Akaomba 15, ambayo aliiazima kwa mtu. Ikaingia, ikazunguka bure, ikaanza kula pembe za boliti. Akaitoa mara moja, akapangusa kichwa kile kwa kidole gumba kama anayemwomba radhi. Akajaribu kwingine: 12 ndogo, 13 inacheza. Kisha, kwenye nati za gurudumu, bila kutegemea, akajaribu 19, na 19 ikakaa barabara, hakuna hata upenyo wa unywele. Akanitazama, nami nikamtazama, wote tukiwa hatuelewi.

Aliyeelewa ni Mzee. Aliinuka bila kusema, akaenda nyumbani kwake kwenye mvua, akarudi na furushi la kitambaa cha khaki lililofungwa kwa ukambaa. Ndani zilikuwa spana za inchi, nyeusi, zilizopakwa mafuta ya ng'ombe zisipate kutu, alizokuwa amezihifadhi tangu siku za lori lake. Moja ilichorwa 9/16. Hiyo ndiyo iliyofungua pampu, kwa mlio mmoja mfupi wa chuma kuachia chuma. Namba 14 ni ndogo kuliko hiyo ya inchi kwa chini ya theluthi ya milimita. Na 19 yetu iliingia kwa sababu robo tatu ya inchi ni milimita 19 na vipande vitano tu vya mia. Viwanda vya Marekani ndiyo kwanza vilikuwa vinahama kutoka inchi kwenda milimita, na gari lile lilitengenezwa katikati ya safari hiyo: huku inchi, kule milimita, na hakuna alama ya kukuambia.

Namwona hadi leo Mzee akiwa amechuchumaa kando ya shimo, akimkabidhi Fundi spana zake moja moja kwa mikono miwili. Jioni ile hakuna aliyetaja Japani.

Lakini kufungua ni nusu ya kazi. Beringi ya pampu ilikuwa imesagika na muhuri wake wa mpira umechanika, na hapakuwa na nyingine Muyinga, wala Gitega, wala Buyenzi. Fundi alikata muhuri kutoka kwenye ngozi ya ng'ombe aliyoichemsha kwenye grisi, harufu yake ikajaa sentari nzima, na gari likatembea tena majuma kadhaa. Likasimama. Dereva akaandika karatasi kwenda Bujumbura, na Bujumbura ikaandika kwenda Marekani. Sheria ya Marekani ya misaada ya nje, ya mwaka 1961, ilitaka magari yanayonunuliwa kwa fedha za misaada yawe yametengenezwa kwao, isipokuwa kwa kibali maalumu. Ndiyo maana gari la namna ile lilifika mahali ambako hapakuwa na lingine la kushirikiana nalo kipuri. Mmarekani akaegeshwa chini ya mparachichi, nyuma ya ghala la kahawa, kungoja. Kuku walitaga kwenye kiti kile kirefu cha kitambaa. Dereva alikuja kila Jumamosi kumpangusa vioo, hata baada ya mradi kufunga ofisi zake.

Usidhani Hilux ya Baba haikuharibika. Iliharibika sana, kwa sababu ilibebeshwa mzigo ambao hakuna kiwanda kingeuruhusu. Twende nayo Gitega mara moja tu, uone.

Tunaondoka na alfajiri, magunia ya maharage nyuma, mimi na utingo juu yake tumejifunika turubai. Muyinga, kisha Karuzi, barabara ya vumbi wakati ule, na wanawake wakitwanga muhogo mbele ya nyumba, unga mweupe ukipeperuka hadi njiani. Baba hana haraka, ananunua asali kwa mtu anayemfahamu, anasimama kuswali. Tukikaribia mto Ruvubu, jua likiwa limeinama, tunasikia mlio chini yetu. Springi ya nyuma imekatika jani la juu. Baba anashuka, anatazama, hapandishi sauti. Utingo anakata tawi la mkaratusi, analichonga kwa panga, analipachika kati ya ekseli na chesisi, kisha analifunga kwa vipande vya tyubu kuukuu, akivuta kwa meno. Utomvu wa mti ule ulinukia mikononi mwangu usiku kucha. Tukavuka daraja taratibu, maji ya Ruvubu chini yakiwa rangi ya chai ya maziwa, tukafika Gitega wakati wa isha, baridi ikitupiga usoni. Asubuhi, kwenye meza ya chuma chakavu kando ya soko, tukapata jani la springi la Hilux lililotoka kwenye Hilux nyingine, iliyokufa. Mchana tulikuwa tumeshapakia sabuni na mawese ya kurudi nayo.

Hapo ndipo ninapokaa mimi katika mjadala ule. Nimesoma tangu wakati huo hesabu za wataalamu, zinazolinganisha magari kwa idadi ya hitilafu. Giteranyi hatukuhesabu hitilafu. Tulihesabu usiku wa kulala njiani. Toyota ilisifiwa kwa kuwa kila mji ulikuwa na maiti yake ya kuchukulia kiungo, na kila mwembe ulikuwa na mtu anayeijua gizani, na spana zilezile tano zilitosha. Kila aliyenunua nyingine aliwaongezea wengine wote uhakika. Mmarekani hakuwa dhaifu. Alikuwa peke yake.

Baadaye yakaja mengi zaidi. Forodha ya Kobero, ambako magari yanayotoka Dar es Salaam huacha mkono wa kushoto wa Tanzania na kuhamia mkono wa kulia wa Burundi, ilianza kupitisha Corolla na Carina zilizotumika, usukani upande wa kulia, vibandiko vya Kijapani bado viko kiooni. Japani ukaguzi wa gari, unaofanywa kila miaka miwili gari likishakua, una gharama, na wengi huko huona afadhali kuliuza. Sisi tukalipokea likiwa na nusu ya maisha yake mkononi. Carina moja ilibeba watu ambao hata kuwahesabu ilikuwa aibu.

Mwaka 1993 ukaja na vita na yaliyokuja navyo. Magari yalibeba magodoro na masufuria. Sitayasema hapa. Julai 1996 nchi jirani zikaamua kufunga mipaka ya biashara, na hadi Januari 1999 Kobero ilikuwa kimya, majani yakiota kwenye maegesho ya malori. Buyenzi yenyewe ikakauka. Kwa mara ya kwanza nilimsikia Fundi akisema hakuna, akimwambia mwenye Toyota.

Hilux ya Baba ilikuwa imekatika springi tena. Fundi alizunguka nyuma ya ghala la kahawa. Mmarekani alikuwa ameshauzwa kwa mnada kama chuma chakavu, na aliyemnunua hakujua aanzie wapi, kwa hiyo akakubali magunia mawili ya maharage kwa springi zote za nyuma. Jani lake moja lilikuwa refu kupita la Hilux na pana kidogo. Mhunzi wa sokoni alitaka kulitia motoni alinyooshe na kulikata. Fundi akamshika mkono. Chuma cha springi ukikichoma kwenye makaa kinalegea, kinageuka chuma cha jembe, na hakitarudisha tena mzigo juu. Basi tukalikata kwa msumeno wa chuma, likiwa baridi, tukalipunguza ubavu kwa tupa, kwa zamu, mmoja akichoka mwingine anapokea. Meno yetu yaliuma kwa mkwaruzo ule. Tupa tatu zilikwisha makali. Chembe za chuma ziliingia kwenye nyufa za vidole na kuota kutu, na mikono yetu ikawa ya rangi ya chungwa kwa muda mrefu. Fundi alikuwa akipima kwa uzi, anatikisa kichwa, anaturudishia. Tundu la katikati lilikubali boliti ya Kijapani bila kuguswa.

Ijumaa baada ya swala Baba alipakia magunia, mengi kuliko alivyothubutu mwaka mzima, akaisogeza Hilux hadi mwembeni. Mgongo wake haukuinama. Mzee alikuwa kwenye kiti chake, macho yameanza kuingia ukungu. Fundi alimshika kiwiko, akamzungusha hadi nyuma, akauweka mkono wake juu ya jani lile, mahali ambapo bado palibaki rangi ya kijani. Mzee akalipapasa kwa urefu wake wote. Akaligonga kwa fimbo, akasikiliza, akaligonga tena.

“Basi leo mimi siendi nyumbani kwa miguu,” akasema.

Baba akamfungulia mlango wa mbele. Utingo nami tukapanda nyuma juu ya maharage. Njia nzima hadi kwake, kila lilipotokea shimo, tulimsikia Mzee akimwambia Baba asilikwepe, apite katikati.